Mulimau ni Mwiko

Mikono yangu yote mbili inaniuma tangu Jumapili, na ya kuume inauma zaidi, juu ya kuwa njo ile ya kukoroga. Mujukuu yangu, ule binti anayeniandikia hii maneno, ananiita Kambo, ni kusema bibi yake, na anasema, "Kambo, pumuzika kwanza, tutaandika kesho." Mimi nilisoma mpaka mwaka ya pili ya primeri, kalamu na mimi tunasalimiana tu, hatujuane. Nimemujibu: hapana mama, leo. Kesho nitakuwa nimechoka vilevile. Heri nichoke maneno ikiwa imekwisha kutoka.

Nataka kusema juu ya supu. Si supu ya kunywa na kijiko wakati muko na mafua. Kwetu hapa Kalemie kila kitu ya majimaji yenye inakaa pembeni ya chakula tunaita supu. Hii yangu ni supu nzito, nyekundu, ya kupaka juu ya nyama ya kuchoma, ao juu ya mikebuka, samaki za ziwa yetu, yenye imetoka sasa hivi ku moto na ngozi yake inapasukapasuka. Unapaka, unarudisha ku moto kidogo, unapaka tena. Muntu akikula, analamba vidole mpaka anasahau kama kuko watu wanamuangalia.

Inapikwa namna gani? Kwanza nyanya, ndoo muzima, zenye zimeiva mpaka zinasikia haya. Vitunguu unakaanga na mafuta ya mawese, lakini kidogo, kama unamuibia muntu. Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili. Asali, yenye inashuka kutoka kule juu, milima ya Marungu. Alafu ndagala za kukauka, wale samaki wadogodogo, unatwanga mu kinu mpaka zinakuwa unga, unanyunyiza. Ile ndagala ilikuwa siri yangu. Sasa nimekwisha kusema, haiko siri tena, mupike tu. Maji ya limau inakuja mwisho kabisa, wakati umeepua sufuria ku moto.

Makala ya moto mu mbabula, ile jiko yetu ya chuma, unatia chache. Moto ya hii supu inapaswa kuwa sawa muntu mwenye amelala: anapumua, lakini hasemi. Na wewe unakaa pale ku kiti ya chini, unakoroga. Watoto wanaenda ku masomo, unakoroga. Jirani anapita, anakusalimia, anasimulia ndoa yake yote, anaenda, unakoroga. Watoto wanarudi na njaa, bado unakoroga. Juu supu ikishika chini mara moja tu, hata ukitia asali ya nyuki wote wa Marungu, itakumbuka ule moto. Kama miaka yote hii ningekuwa napiga kasia pahali ya kupiga mwiko, ningekwisha fika Kigoma na kurudi sijui mara ngapi. Na mimi niko palepale ku kiti ya chini.

Mu nyumba yetu tuko wajane wawili, mimi na mama mukwe yangu. Bwana yangu, mutoto yake, alitutoka zamani, akatuachia mumoja kwa mwingine. Miaka ya mama mukwe hakuna anayejua, hata yeye. Anasema alikuwa tayari musichana mwenye matiti wakati Wazungu wa Ubelgiji walikuwa bado wanatembea hapa na kofia zao. Miguu yake imekataa. Macho imefunga karibu yote. Masikio, hapana! Masikio ya ule mama, Mungu alisahau kuizeesha. Mimi namuogesha, namugeuza, nafua mashuka yake kule inje, na wakati nafua anapaza sauti ku dirisha: "Mukamwana! Sabuni umetia kidogo!" Anasikia povu. Mimi ni kambo ya watu, meno yangu inahesabika, lakini kwa yeye ningali mukamwana, muke wa mutoto yake, bibi-arusi wa jana.

Basi, wiki iliyopita, akaacha kula.

Ilianza na bukari, ugali yetu. "Nimeshiba," alisema, na alikuwa hajagusa. Kesho yake akakataa uji. Siku ya tatu akakataa maziwa, ile ya kutoka Pepa yenye anaipenda kupita wajukuu yake. Tukamuita infirmiye, muuguzi wa mutaa wetu, akamuangalia, akamupima, akasema homa hakuna, tumbo ni muzima. Akanivuta inje. "Mama, ni uzee. Wengine wanafunga mudomo hivi, na wanaenda. Mutafute kitu anakipenda. Kama hakuli mu hizi siku..."

Siku ya ine mujukuu yangu akapiga magoti pale ku kitanda. "Kambo Mukubwa, utakula nini? Sema tu, hata kama ni nyota."

Mama mukwe akapapasa kichwa ya mujukuu. Alafu akasema, "Supu ya mukamwana."

Yoo, tulifurahi! Mujukuu akaenda mbio ku soko kutafuta nyanya. Mimi nikaingia ku jiko kutafuta mwiko yangu, na pale njo nikakumbuka. Mwiko ilikuwa imevunjika. Tangu maji ya ziwa ilipanda na nyumba zetu zikajaa unyevunyevu, ilikuwa na ufa, na mwezi uliopita ikapasuka katikati mu mukono yangu. Vipande nilivitia chini ya kitanda yangu, sikuweza kuvitia ku moto. Na ili mujue juu ya nini, inanipasa kurudi nyuma, mpaka ku treni.

Mimi si wa hapa. Nilizaliwa Kongolo, nikakuja hapa bibi-arusi na treni, tukabadilisha kule Kabalo, na kuku mbili mu kikapu, moja ikanifia ku gare, stesheni ya Nyunzu. Nilishuka na kuku moja na mudomo muzima. Niliongea na kila muntu mu ile treni, hata na muntu wa kukata tikiti. Lakini nilipofika hapa nikaona Kiswahili ya Kongolo na Kiswahili ya ziwa ni ndugu, ndiyo, lakini ndugu wa mama mbalimbali. Kwetu, kitu yenye muntu amekatazwa kugusa ao kukula, tunaita kijila. Mwiko kwetu ni muti ya kukorogea. Basi. Haina kazi ingine.

Kesho yake ya kufika, mama mukwe akanishika mukono, akanizungusha mu lupango, uwanja wa nyumba.

"Hapa njo kisima. Hapa choo, mulango yake unainua kidogo njo inafunga. Huyu jogoo anapiga wageni, umuogope mpaka akuzoee. Na huu mulimau..." Akasimama. Akaweka mukono ku shina, vile muntu anaweka mukono ku kichwa ya mutoto. "Huu mulimau ni mwiko. Unasikia, mukamwana?"

"Nasikia, Mama."

Na nilisikia kweli. Nilisema mu moyo: hawa watu wa ziwa wako na akili! Wamepanda muti yao ya mwiko karibu na jiko, haina haja ya kwenda mu pori.

Miezi ikapita, tukapata ubatizo mu jamaa. Mama mukwe alikuwa ameenda ku kanisa na wamama wengine, wageni wanakuja kula mbuzi, mimi niko peke yangu na sufuria kubwa. Na mwiko ya nyumba ikavunjika mu bukari. Sikuogopa hata kidogo. Nikakamata mupanga, nikaenda ku mulimau, nikachagua tawi ya kunyooka, nene sawa mukono yangu ya wakati ule, nikakata. Ile muti ni ngumu, mikono ilitoka malengelenge. Nikatosha ganda, ikabaki nyeupe, nikachonga, nikababua ncha yake ku moto ili isipasuke. Ilikuwa mwiko ya kupendeza. Ikigonga sufuria ilikuwa inalia ko, ko, kama muntu wa heshima anapiga hodi.

Bwana yangu akarudi kutoka ku kazi, akaniona nakoroga.

"Hii mwiko umetosha wapi?"

"Ku mulimau."

"Mulimau gani?"

"Kwani iko ngapi? Ule ya Mama. Alinionyesha yeye mwenyewe."

"Alikuonyesha nini?"

"Alisema ni mwiko."

Ule mwanaume alicheka! Alicheka mpaka akashika ukuta. Alafu nikaona kicheko inamutoka polepole ku uso, sawa maji inashuka mu ndoo yenye tundu. "Mwanamuke," akasema, "mwiko ya hapa si ya kukorogea. Ni kijila! Ule muti hakuna muntu anagusa. Mwenye anakata tawi yake, nyumba yake itakauka vile ile tawi inakauka. Tangu utoto yangu naambiwa hivyo."

Niliketi chini. Yeye akachota udongo na majivu, akaenda kupaka pale kwenye kidonda ya muti. Akarudi na vidole vyeusi. "Nyamaza," akaniambia. "Hata siku moja usiseme kwa Mama."

Mimi! Kuniambia mimi ninyamaze!

Lakini nilinyamaza. Wageni wakakuja, wakakula. Mama mukwe, mwenye hakukuwa amenisifu hata mara moja tangu nishuke mu treni, akatia kidole mu supu, akalamba, akatia tena. "Hii njo supu," akasema mbele ya watu wote. Mimi nikaangalia chini. Tangu siku ile supu ikawa kazi yangu. Arusi, ubatizo, kuondosha matanga, wananiita mimi na sufuria yangu na mwiko yangu. Watu walinisifu miaka yote, na kila mara nilisikia ile ko, ko, nilisikia nyumba yangu inakauka.

Mutoto yetu wa kwanza hakukaa. Alizaliwa, akaona mvua ya kwanza, akaenda. Watu walisema ni homa, na muganga alisema vilevile. Mimi niliangalia mwiko pale ku ukuta, sikusema kitu. Wengine wane walikuja, wakakaa, wazima, sasa wako na watoto yao. Lakini kila mara mumoja alishikwa na homa, kila mara bwana yangu alikohoa, nilirudi ku ile tawi. Bwana yangu alipokufa, na alikufa muzee, mu kitanda yake, hata siku ile nilifikiri juu ya tawi.

Mutaniuliza juu ya nini sikuitupa mu ziwa. Nilijaribu. Nilifika mpaka ku maji, miguu ikalowana, mukono ikakataa. Nilisema, kama nimekwisha kukosa, kosa yangu ikae mahali ninaiona. Na kuko kitu ingine, nitaisema tu: supu ilikuwa inatoka muzuri. Nikaendelea kukoroga. Mwiko ilianza ndefu sawa mukono ya mwanaume. Ikakulika, ikakulika, mpaka ikabaki sawa mukono ya mutoto.

Sasa muko pamoja na mimi. Turudi ku jiko.

Mujukuu alirudi na nyanya na mwiko mupya ya ku soko, ya muti mwepesi, nyeupe, safi. Nikaketi. Nilikoroga siku muzima. Bega ilikuwa inaniambia maneno mabaya lakini nilimufikiria ule mama na mbavu zake zenye zinahesabika, nikakoroga. Supu ikatoka sawasawa. Tukachoma mikebuka, nikatosha miiba yote na vidole, nikapaka, nikamupelekea mu sahani yake.

Akageuza uso ku ukuta.

"Si yenyewe."

"Mama, ni yenyewe! Nyanya ni zile, asali ni ile, hata ndagala nimetwanga mimi mwenyewe."

"Si yenyewe."

Mujukuu akasema, "Kambo Mukubwa, hata hujaonja!"

"Nionje nini? Nilisikia. Tangu asubuhi nasikia bu, bu, bu, kama muntu anatembea mu matope. Supu yangu inalia ko, ko. Mumeleta mupishi ya wapi mu nyumba hii?"

Mujukuu akacheka mpaka akatoka inje. Mimi nikabaki na sahani ku mukono. Juu ko ni muti gani? Ko ni mulimau.

Kesho yake ule binti, mwenye akili ya ujanja kama babu yake, akasema, "Kambo, mimi nitagonga sufuria na kijiko ya chuma, wewe koroga na mwiko mupya. Atasikia ko." Tukafanya. Yeye anagonga, mimi nakoroga, sawa wapiga ngoma wawili wenye hawakuelewana. Toka mu chumba tukasikia sauti, ndogo, yenye njaa:

"Hiyo ni kijiko."

Siku ya tano ilikuwa inaisha. Alikubali maji tu, ya kulowesha midomo. Nikamushika mukono kumugeuza, nikaona nimemubeba kwa mukono moja, yeye mwenye alikuwa mwanamuke mukubwa, mwenye akisimama ku mulango, mwanga haukuingia. Nikatoka. Nikakamata mupanga. Nikaenda kusimama mbele ya mulimau.

Kidonda ya zamani ilikuwa ingali pale. Ganda ilikuwa imeizunguka, imejifunga kama mudomo. Nilisimama. Mara ya kwanza nilikata bila kujua, na hata Mungu anamuonea mujinga huruma. Sasa nilikuwa najua. Nikikata, niko na watoto, niko na wajukuu, huyu hapa anaandika ni mumoja yao. Nisipokata, mama wa bwana yangu anakufa na njaa mu nyumba yangu, na mimi mwenye kuwa na chakula. Niliinua mupanga, nikaishusha. Nikainua tena. Na nilichoka. Si kuchoka ya bega, ile ninaijua, naipaka mafuta, inalala. Hii ilikuwa kuchoka ya muntu mwenye amebeba jambo moja ku kichwa toka ujana mpaka mvi, na hakuna mahali pa kutua.

Nikaweka mupanga chini, nikaingia mu chumba.

"Mama, niko na neno."

"Wewe ulikosa neno lini?"

"Ile mwiko yangu ya siku zote. Niliikata ku mulimau. Mwaka ule nilikuja. Sikujua, Mama. Kwetu mwiko ni ya kukorogea. Nilifikiri ulinionyesha muti ya kukata."

Alafu nikaona kifua yake inatikisika, mashuka inatikisika, nikasema, nimemuua! Nikapiga kelele kumuita mujukuu. Mujukuu akaingia mbio, akainama, akasikiliza, akanyanyua kichwa.

"Kambo, anacheka."

Alikuwa anacheka, bila meno, bila nguvu, machozi inashuka mpaka mu masikio. "Mukamwana," akasema alipopata pumzi. "Unafikiri wakati ule nilikuwa kipofu? Natoka ku kanisa, muti yangu inakosa mukono, muntu amepaka matope kama mutoto mwenye amechafua ukuta, na mimi nisione?"

"Ulijua?"

"Nilijua mbele ya kukula ule mbuzi."

"Na nyumba kukauka?"

"Aa, ile." Akapangusa macho. "Ile nilitunga mimi. Watoto ya jirani walikuwa wananimalizia malimau, mabichi, na matawi yake wanavunja. Fimbo hawakuogopa. Nikasema, mwenye anakata tawi, nyumba yake itakauka. Kesho yake hata limau moja haikupotea. Nikaona ni dawa nzuri, nikaiacha."

"Hata bwana yangu aliamini."

"Yeye njo alikuwa mwizi wa kwanza."

Mujukuu yangu alikuwa ameketi chini, anashika tumbo. Mimi sikucheka. "Mama, juu ya nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unasema sana! Tangu ushuke mu treni ile mudomo haikufunga. Nilisema, acha abaki na kitu moja yenye inamunyamazisha."

Sasa, mimi napenda kucheka. Hii mutaa yote wanajua. Lakini pale kicheko haikukuja. Nikasema polepole, "Mama. Mutoto wa kwanza."

"Ee?"

"Nilisema ni mimi. Nilisema ni ule muti. Miaka hii yote."

Kicheko ikakatika, pa, kama uzi. Hata mujukuu akaacha, juu habari ya ile mutoto hakuwahi kuisikia. Nikaona mukono ya mama mukwe inatembea juu ya mashuka, inatafuta, inakosa, inatafuta tena, mpaka ikapata ya kwangu. Ilikuwa nyepesi sawa ganda ya kitunguu.

"Sikujua ulibeba ile," akasema.

"Sikusema."

"Wewe!" Akafinya vidole vyangu. "Kitu moja tu mu maisha yako hukusema. Na njo ile."

Alafu akasema, "Ule mutoto alikuwa na homa. Nilimushika mimi mwenyewe, hapa, juu ya magoti. Alikuwa moto kama jiwe ya mafiga. Ilikuwa homa, mukamwana. Muti haukufanya kitu. Muti ni muti."

Nilitaka kumukasirikia. Nasema kweli, nilitafuta hasira, niliitafuta sawa muntu anatafuta sindano mu nguo, na ilikuwa haki yangu. Nilikuwa nimechoka sana, sikuipata. Nikapata tu maneno haya:

"Nitakata tawi ingine. Nitapika. Lakini utakula. Si kuonja. Kula."

"Nitakula."

"Apa."

"Ni mwiko mukamwana kuapisha mama mukwe."

"Mwiko ya kwetu ao ya kwenu?"

Na pale njo tukacheka wote wawili, vibaya, na pua inatoka maji.

Alisema dirisha ifunguliwe ili asikie mupanga. Nilikata. Nilikuwa na woga kidogo, siwezi kuficha, mukono yangu ilikuwa haijasikia habari bado. Tawi ikaanguka, harufu ya mulimau ikajaa lupango yote, na hakuna kitu ilikauka. Nilichonga jioni ile, mujukuu akanisaidia, nikababua ncha. Asubuhi nikaketi ku kiti ya chini. Ko, ko. Toka mu chumba nikasikia, "Polepole! Unakimbia wapi?" Nikapunguza. Ko. Ko.

Alikula. Karibu samaki muzima, na supu alipangusa na kidole, akalamba kidole. Mujukuu alikuwa anahesabu kila tonge kama muntu anahesabu wageni wa arusi. Mwisho mama mukwe akaacha kipande moja, ile nono ya karibu na kichwa, akasukuma sahani.

"Hiyo je, Mama? Maliza."

"Si yangu. Na si yako."

Sikuuliza ni ya nani; mutoto wangu wa kwanza hakuonja supu yangu hata siku moja. Nikakamata sahani, nikaenda inje, nikaweka kile kipande chini ya mulimau, nikasimama pale kidogo. Sikusema kitu. Mara ya pili mu maisha yangu, lakini hii haikuwa nzito.

Sasa ule mama anakula, sifa kwa Mungu, na shida yangu njo imeanza: bila supu hafungui mudomo. Siku mbili, sufuria moja. Jumapili nilikoroga, Jumanne nilikoroga, na leo, wakati nasema hii maneno, mukono moja iko ku mwiko. Jana mujukuu aliniuliza, "Kambo, sasa ule muti ni mwiko ao si mwiko?"

"Ni mwiko," nilimujibu. "Ya kukorogea."

Na sasa hivi mama mukwe anagonga ukuta kule ndani. Anasema nimeacha kukoroga ili nipige masimulizi, na supu inashika chini. Naangalia mu sufuria. Hajakosea. Ule mama masikio!